Mvua ipo, maji hayapo: Uwanda wa Makonde kutoka Masasi hadi Newala

Kila mwaka, kuelekea mwezi wa Septemba, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa mvua za vuli, nasi huutangaza kwenye taarifa ya habari. Muda si mrefu ujumbe wa simu huanza kuingia studio. Mmoja anauliza kama aanze kuandaa shamba. Mwingine anasema vuli imetangazwa lakini huku Newala jua linachoma tu, je, watabiri wamekosea?

Hawajakosea. Vuli hiyo si ya kwetu. Ni ya Tanga, Dar es Salaam, Moshi, Arusha na mikoa ya Ziwa Victoria. Mtwara na Lindi tumo kwenye kundi jingine, la mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, na utabiri wetu hutolewa baadaye peke yake. Ukisikia TMA wanasema "mvua za msimu" na kutaja "pwani ya kusini", hapo ndipo tega sikio.

Katika makala haya tunaieleza nchi yetu yenyewe: ardhi ilivyokaa, mvua inavyokuja na inakokwenda, na watu wangapi wanaishi hapa. Swali kubwa ni lile ambalo wageni huuliza wakifika Newala kwa mara ya kwanza. Watu wote hawa wanaishi huku juu, mbona hakuna mto wala kijito?

Ardhi ilivyokaa

Mkoa wa Mtwara uko kwenye pembe ya mwisho ya Tanzania, kusini mashariki. Mashariki kuna Bahari ya Hindi, kaskazini mkoa wa Lindi, magharibi mkoa wa Ruvuma, na kusini Mto Ruvuma ambao ng'ambo yake ni Msumbiji. Eneo la mkoa ni kilomita za mraba 16,700 hivi. Hadi mwaka 1971 Lindi nayo ilikuwa ndani ya Mtwara, ndiyo maana wazee wakisema "Mtwara" wakati mwingine wana maana ya kusini yote.

Tuanzie Lisekese, Masasi. Hapa hatujapanda uwandani bado. Masasi imekaa chini, kwenye nchi ya tambarare yenye milima ya mawe iliyosimama mmoja mmoja kama vichuguu vikubwa: Mtandi, Mkwera, Chironji na mingineyo. Milima hiyo ni mwamba mgumu wa kale sana. Udongo na mawe laini yaliyouzunguka yalimomonyoka na kuchukuliwa na maji kwa muda mrefu usiohesabika, mwamba ukabaki. Chini ya Mtandi ndipo lilipo kanisa kuu la Kianglikana, na historia yake tutaigusa mbele kidogo.

Sasa panda gari kuelekea Newala. Unaona mbele yako ukuta wa kijani umelala kutoka upande mmoja hadi mwingine, gari linaanza kupanda kona baada ya kona, masikio yanaziba, na ukifika juu nchi inakuwa tambarare tena. Huo ndio Uwanda wa Makonde. Uufikirie kama meza ambayo miguu ya upande mmoja imeinuliwa. Upande wa magharibi, karibu na Newala, iko juu kabisa, na kuna sehemu zinazokaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo inateremka polepole kupita Tandahimba na Nanyamba mpaka karibu na pwani. Kaskazini uwanda unakatwa na bonde la Mto Lukuledi, kusini na bonde la Ruvuma.

Ukingo wake pale Newala ni wa ghafla. Pana mahali wenyeji wanapaita Shimo la Mungu, ukisimama hapo ardhi inakatika mbele ya miguu yako na unaona bonde lote la Ruvuma hadi Msumbiji. Ng'ambo ya bonde kuna uwanda mwingine unaofanana na huu, wa Mueda, nao wanaishi Wamakonde. Kwa hiyo mtu akikutajia Uwanda wa Makonde, muulize ni upi, maana ni viwili na mto uko katikati.

Mto wenyewe unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea na una urefu wa kilomita 800 hivi. Kwa sehemu kubwa ndio mpaka wa nchi. Daraja la Umoja, linalounganisha Mtambaswala wilayani Nanyumbu na Negomano upande wa Msumbiji, lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na Rais Jakaya Kikwete na Rais Armando Guebuza. Kwingineko watu bado wanavuka kwa mitumbwi.

Jambo la kukumbuka kuliko yote kuhusu uwanda huu ni mchanga. Milima ya Masasi ni mwamba, lakini uwanda umejengwa na tabaka nene za mchanga na mawe ya mchanga. Mvua ikinyesha juu yake maji hayatuami wala hayatiririki mbali. Yananywewa. Yanashuka chini kwa chini mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha maji, kisha yanatafuta njia ya kutokea pembeni, kwenye miguu ya uwanda. Ndiyo maana chemchemi ziko chini: Ndanda, Mkunya, bonde la Kitangari. Juu pakavu, chini maji yanabubujika, na ni maji yale yale yaliyonyesha juu.

Mvua inakuja lini, na kwa nini

Turudi kwenye lile swali la vuli. Mvua za ukanda wetu hulifuata jua. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko mbali kaskazini, mwezi wa Desemba liko kusini yetu. Unaweza kupima mwenyewe bila chombo chochote: karibu na tarehe 21 Oktoba, na tena karibu na tarehe 20 Februari, simama uani wakati wa adhuhuri na utaona kivuli chako kimejikusanya miguuni. Siku hizo jua liko utosini, linapita kwenda kusini au linarudi.

Nyuma ya jua hufuata ukanda wa mawingu, pale pepo za kaskazini zinapokutana na za kusini. Ukanda huo unapita juu ya Dar es Salaam na Tanga ukielekea kusini, wanapata vuli. Unakaa mbali nao muda mrefu, kisha unarudi, wanapata masika. Sisi tuko karibu na mwisho wa safari yake. Unatufikia kwenye mwisho wa Novemba au Desemba, unasogea kusini kidogo, na kabla hatujausahau umerudi. Kwenda na kurudi kumekaribiana sana, hivyo tunahesabu msimu mmoja tu unaoisha Aprili au mwanzoni mwa Mei.

Lakini pengo la safari ile halijafutika. Lipo, katikati ya msimu, mara nyingi mwishoni mwa Januari au Februari. Mvua inakatika wiki moja, mbili, miaka mingine zaidi. Mkulima wa mahindi analijua pengo hilo vizuri, maana likiangukia wakati mahindi yanachanua, mavuno yamekwenda. Muhogo hausumbuki, unangoja. Mtama unavumilia. Mimi huwa naona chakula cha bibi zetu kilichaguliwa kwa kufuata hilo pengo: muhogo, mtama, mbaazi, kunde, njugu mawe, na kiangazi kikikaza watu wanaingia porini kuchimba ming'oko. Mahindi yamekuja baadaye na yanatudai mvua ambayo nchi hii haijaahidi.

Utata mwingine ni wa maneno. Wazee wengi huku huita mvua zote hizi masika, na miezi mikavu kiangazi. Redio ya taifa ikisema masika ina maana ya Machi hadi Mei. Neno ni moja, misimu miwili tofauti.

Kuhusu kiasi, kwa mwaka wa kawaida Masasi na Newala hupata kati ya milimita 800 na 1,100 hivi. Nataka uisome tena hesabu hiyo, kwa sababu si mvua kidogo. London, mji unaosifika duniani kote kwa mvua na ukungu, hupata milimita 600 hivi kwa mwaka. Tofauti ni kwamba mvua yao imegawanywa miezi yote kumi na miwili. Yetu inamwagwa ndani ya miezi mitano, juu ya mchanga, kisha miezi sita au saba mbingu zinafungwa. Anayesema kusini ni kukame hajakosea akiangalia ndoo, amekosea akiangalia mbingu.

Joto halina mambo mengi. Masasi, kwa kuwa iko chini, huwa kali sana Oktoba na Novemba kabla mvua haijashuka. Newala ni baridi kuliko watu wa Dar es Salaam wanavyotarajia. Asubuhi za Juni na Julai ukungu unafunika uwanda na mgeni asiye na sweta atakukumbusha siku nzima. Upepo wa kusi unavuma tangu Aprili hadi Septemba au Oktoba, kisha kaskazi inachukua nafasi.

Vimbunga hutufikia kwa nadra. Wazee wanakumbuka kile cha Aprili 1952 kilichopiga Lindi. Mwezi wa Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na sisi, na watu wa pwani ya Mtwara walitakiwa kuhama maeneo ya hatari kwa tahadhari.

Kwa nini watu walipanda juu

Wamakonde wana simulizi ya asili ambayo mtafiti Mjerumani, Karl Weule, aliikuta ikisimuliwa alipofika huku mwaka 1906. Mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga sanamu ya mti kwa umbo la mwanamke, na asubuhi sanamu ikawa mke. Walizaa mtoto wakiwa bondeni karibu na maji, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, akafa wa pili. Wakapanda juu kabisa, penye vichaka, wa tatu akaishi. Wazee wakausia: msikae mabondeni, bondeni kuna maradhi.

Ukiondoa sanamu, hiyo ni taarifa ya afya. Mabonde ya mito yalikuwa na mbu na mbung'o. Huko juu hapakuwa na maji, kwa hiyo mbu nao walikuwa wachache. Watu walilipa kwa miguu: wanawake waliteremka ukingo kwa saa kadhaa wakiwa na vyungu na vibuyu, wakapanda navyo vikiwa vimejaa. Weule aliiona kazi hiyo Newala na aliishangaa.

Sababu ya pili ilikuwa usalama. Karne ya 19 njia za misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na bandari nyingine za kusini zilipita nchi hii. Baadaye wakaja wavamizi wa Kingoni, ambao huku waliitwa Magwangwara. Vichaka vya uwanda vilikuwa vizito kiasi kwamba mgeni asingeweza kupita bila mwenyeji, na jeshi likipita halikuwa na maji ya kunywa. Ukame ule ule uliowatesa wenyeji ndio uliowalinda.

Masasi, iliyo wazi chini, haikuwa na kinga hiyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yule yule aliyeandika vitabu vya mwanzo vya sarufi ya Kiswahili cha Unguja, alitoka Zanzibar na watu walioachiwa huru kutoka utumwani. Walikuwa wakielekea Ziwa Nyasa, wakaishia Masasi na kujenga kijiji chini ya Mtandi. Mwaka 1882 Magwangwara waliwavamia, na misheni ikahamia Newala kwa muda. Hata wao walipanda juu.

Leo wenyeji wakubwa wa eneo hili ni Wamakonde juu ya uwanda, Wamakua na Wayao Masasi na Nanyumbu, pamoja na Wamwera, Wamatambwe na wengine. Desturi ya kuhesabu ukoo kwa upande wa mama bado ina nguvu, na jando na unyago hupangwa kiangazi baada ya mavuno, wakati chakula kipo na shule zimefungwa. Mto haukuwahi kuwatenganisha ndugu. Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, 1964 hadi 1974, maelfu walivuka kuja huku, na baadhi ya koo za Newala na Tandahimba zina watu pande zote mbili.

Tuko wangapi

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,270,854 mkoani Mtwara. Wanawake walikuwa 671,206 na wanaume 599,648. Kwa wilaya na halmashauri za wakati huo, Masasi Vijijini ilikuwa na watu 247,993, Mtwara Vijijini 228,003, Tandahimba 227,514, Newala 205,492, Nanyumbu 150,857, Mtwara Mikindani 108,299 na Masasi Mjini 102,696. Tangu hapo Newala Mji na Nanyamba Mji zimepata halmashauri zao, kwa hiyo mkoa una halmashauri tisa.

Angalia Tandahimba na Nanyumbu. Tandahimba iko uwandani, haina mto juu yake, na mwaka 2012 ilikuwa na watu zaidi ya 100 katika kila kilomita moja ya mraba. Nanyumbu iko chini, ina Ruvuma pembeni, eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya Tandahimba, na ilikuwa na watu 30 hivi kwa kilomita ya mraba. Kwingine duniani watu husongamana penye maji. Kwetu wamesongamana pasipo na maji, na sababu zake ni hizo tulizozitaja pamoja na moja nyingine, korosho, ambayo tunaifikia.

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,634,947. Ongezeko ni watu 364,093 kwa miaka kumi. Kwa lugha rahisi, ni kama tumeongeza Newala nzima na Nanyumbu nzima za mwaka 2012, na wengine zaidi. Kati ya 2002 na 2012 mkoa ulikuwa ukikua kwa asilimia 1.2 tu kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022 ikawa asilimia 2.5, zaidi ya mara mbili. Bado tuko chini ya wastani wa taifa wa asilimia 3.2, lakini mwendo umebadilika.

Ule ukuaji wa polepole wa zamani ulikuwa na sababu inayojulikana na kila familia: vijana waliondoka. Walikwenda Dar es Salaam kuuza bidhaa mkononi, na neno "machinga" linalotumika sasa nchi nzima wengi hulihusisha na Wamachinga, majirani zetu wa Lindi. Ndiyo sababu moja ya wanawake kuwa wengi kuliko wanaume katika hesabu za sensa, na ya kaya nyingi vijijini kubaki na bibi na wajukuu. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa, si kwao.

Miti iliyotoka Brazil

Mkorosho si mti wa Afrika. Asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazil, na Wareno ndio walioileta pwani hii ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Muhogo nao umetoka Amerika Kusini. Yaani ukikaa Newala unakula muhogo ukiwa chini ya mkorosho, umezungukwa na mimea ya bara jingine, na hakuna mtu anayehisi ugeni.

Mti huu umekubali hapa kwa sababu mchanga unaotunyima maji unampa yeye nafasi ya kushusha mizizi mbali. Halafu unataka kiangazi. Unachanua kati ya Juni na Septemba, na mvua au ukungu mwingi wakati huo huleta ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua. Ndiyo maana salfa inapulizwa miezi hiyo, na kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, kimefanya kazi miaka mingi juu ya ugonjwa huo na mbegu bora.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kisha zikaanguka vibaya. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei zikawa duni, ubwiriunga ukaingia. Msimu wa 2017/18 zilivunwa tani 313,000 hivi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza 2007, ambapo mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Malalamiko ya makato na malipo kuchelewa tumeyasikia sana hewani, na yana makala yake.

Kinachotuhusu hapa ni kalenda. Fedha ya korosho huingia kuanzia Oktoba hadi Januari, mvua inaanza Desemba. Fedha hiyo ndiyo inayonunua bati, na bati juu ya uwanda huu ni zaidi ya paa.

Maji yanavyopandishwa

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kusukuma maji kutoka mabondeni hadi juu ya uwanda. Wazo halijabadilika mpaka leo: visima na chemchemi za chini kama Mitema na Mkunya, pampu, bomba linalopanda ukingo, matangi juu. Mamlaka ya maji ya Makonde huhudumia Newala, Tandahimba na Nanyamba. Masasi na Nachingwea zina mamlaka yao, inayotegemea chanzo cha Mbwinji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 Finland ilisaidia Mtwara na Lindi kuchimba visima vya pampu za mkono, vingi vikiwa maeneo ya chini kwa sababu juu ya uwanda maji yako mbali mno kwa mkono.

Kupandisha maji mamia ya mita kunakula umeme. Umeme ukikatika, pampu inasimama, na bomba la Newala linakauka hata kama chemchemi bondeni inamwaga. Mtu asiyejua mpangilio wa ardhi hulaumu ukame.

Kwa hiyo nyumba nyingi za uwandani zina kisima cha saruji kilichochimbwa uani, kinachopokea maji ya bati. Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita za mraba 40, mwaka wa mvua milimita 900, inaangukiwa na lita 36,000. Toa yanayomwagika na kuvuja, weka moja ya tano, unabaki na lita 28,800. Familia inayotumia ndoo tano za lita 20 kwa siku inatumia lita 100. Maji hayo ni ya siku 288.

Tatizo ni pa kuyaweka. Tangu Juni hadi mwisho wa Novemba ni siku 183, kwa hiyo kisima cha kukuvusha kiangazi chote kwa ndoo hizo tano kinatakiwa kubeba lita 18,300. Simtanki ya lita 1,000 inajaa kwa mvua mbili tatu kubwa za Desemba, na inakwisha siku kumi baada ya mvua kukatika.

Wenzetu wa kule mkorosho ulikotoka walifikia hesabu inayokaribiana. Jimbo la Ceará na majirani zake, kaskazini mashariki mwa Brazil, wana msimu mmoja wa mvua na ukame mkali kuliko wetu. Mwaka 2003 ulianza huko mpango wa visima milioni moja vya saruji kwa kaya za vijijini, kila kimoja kikiwa cha lita 16,000, vikijengwa na mafundi wa vijijini wenyewe kwa msaada wa serikali na mashirika ya wananchi. Visima hivyo vimeshapita milioni moja. Huko kisima hakikuachiwa mwenye fedha ya korosho peke yake, kilihesabiwa kuwa huduma ya umma kama bomba. Sijaona sababu ya halmashauri zetu kushindwa kulijadili hilo kwenye bajeti, hasa sasa ambapo watu wanaongezeka kwa kasi tuliyoiona.

Kwa mwenye kisima tayari, jambo moja linasahaulika kila mwaka. Salfa iliyopulizwa kwenye mikorosho hutua pia juu ya bati, pamoja na vumbi, majani na kinyesi cha ndege wa kiangazi chote. Mvua ya kwanza na ya pili usiziingize kisimani. Ziba au geuza mrija, paa lioshwe mpaka maji yatoke meupe, safisha mfereji wa bati, kisha fungulia. Kisima chenyewe kioshwe Novemba kikiwa kitupu, na kabla mtu hajashuka ndani mfuniko ukae wazi kwa muda mrefu, kuwe na kamba na mtu wa pili juu.